Saladi ya Matunda Iliyolala na Sambaza

Mkiniona nimekaa pembeni kwenye sherehe yoyote hapa Gisenyi, mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani, msiniulize kama ninaumwa. Niko mzima. Ni aibu tu, na aibu yenyewe ina harufu, na mtaani kwetu hiyo harufu wanaijua kwa jina. Bon, afadhali niisimulie mwenyewe, maana ile anayoisimulia Mama Zawadi imeshavuka mpaka wa Congo imefika Goma, na humo nimebebeshwa hata makosa yasiyo yangu, kana kwamba yangu hayakutosha.

Dada yangu Claudine alikuwa anaombwa. Kwetu siku ya kuomba msichana familia mbili zinakaa chini ya mahema zikitazamana, kila upande una msemaji wake, na hao wasemaji wawili wanashindana kwa maneno, matamu na ya kuchoma, mpaka wakubaliane, na muda wote huo msichana mwenyewe amefichwa ndani ya nyumba, anasikia tu. Wakwe walikuwa wanatoka Kigali, na kati yao alikuwepo Shangazi Beata, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja anayezungumza polepole sana kama anayekupimia kitambaa. Alipokuja kututembelea mara ya kwanza aliitazama sahani yake, akatabasamu, akasema watu wa Gisenyi wana bahati, hawachoki viazi. Siku hiyo Claudine aliziosha zile sahani mara mbili. Halafu akaniita jikoni akaniambia, “Furaha, mi nataka kitu kimoja tu. Ule mama asipate la kusema juu yangu.”

Sasa mimi ni nani. Mimi ni Furaha, najifunza cherehani kwa fundi mmoja karibu na soko, shule niliiacha mapema (au yenyewe iliniacha, tusibishane), lakini ndoto ninazo nyingi kuliko nguo za wateja ninazochelewesha. Kubwa kuliko zote ni kwamba siku moja nitakuwa na mahali pangu kandokando ya ziwa, na viti vya rangi, na wageni wanakula vitu vitamu vya baridi kwenye glasi ndefu wakiulizana mwenye hapa ni nani. Kwa hiyo kamati ya familia ilipokuwa inagawa kazi, na Baba Mdogo Faustin akauliza nani atashughulikia matunda, mimi nilinyoosha mkono swali halijaisha, nikasema nitawafanyia desseri. Neno desseri lilinyamazisha kamati nzima. Hakuna aliyejua nina maana gani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Pesa ya matunda ilikuwa ile iliyobaki baada ya bia, soda, mbuzi na mahema, yaani ilikuwa kama haikubaki. Mtu mwenye akili angesubiri Jumamosi asubuhi, akanunua machache ya siku hiyo, akayakata, basi. Claudine mwenyewe aliniambia hivyohivyo. Lakini mimi nilikuwa nimemwona kwenye simu dada mmoja wa mbali, jiko lake jeupe kama hospitali, akifundisha kwamba matunda unayanunua yakiwa rahisi, unayakata, unayagandisha mapema, na siku yenyewe unayatoa tu na kutabasamu. Hapo kwenye kutabasamu ndipo aliponinasa.

Donc Jumanne jioni, saa ile akina mama wanafunga vibanda na hawataki kurudi nyumbani na vitu laini, nikapita. Nikanunua mananasi yaliyokwisha kuanza kunukia pombe, mapapai ya kubebwa kwa mikono miwili kama kitoto kichanga, ndizi zenye madoa, marakuja, yaani pasheni, zilizokunjamana, na binyomoro, yale matunda mekundu yenye uchachu, ambayo yenyewe yalikuwa yamechoka kabisa. Niliyahurumia. Nina hiyo tabia, nahurumia hata matunda. Nikaona yamedharauliwa soko zima, mimi nitayainua, nitayapeleka mbele ya watu wa Kigali.

Yule dada wa kwenye simu aliyagawa ya kwake kwenye vifuko vidogo vya plastiki, vifuko ambavyo huku kwetu vimepigwa marufuku, ukionekana navyo tu unaanza kujieleza. Mimi nikachukua ndoo ya mafuta ya kupikia, ile kubwa, nikaiosha vizuri, nikakata matunda, nikamwaga humo saladi yote. Kifuniko kilikuwa kimepotea, basi nikapasha majani ya migomba kwenye moto mpaka yakalegea, nikaifunika, nikaifunga na uzi wa cherehani. Ilipendeza kama zawadi. Friza nyumbani hatuna, ila Mama Zawadi, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Rubona, anayo moja ndefu kama jeneza la tajiri. Nilimwuliza kwa heshima kama nafasi ipo na kama samaki hawatasumbua. Akaniambia, “Leta tu, mutoto wangu. Samaki yangu haina wivu.”

Ndoo ikawekwa chini kabisa, juu yake likawekwa beseni la sambaza. Mama Zawadi anafungua friza kutwa nzima, mteja huyu anataka, mteja yule anataka, anachota kwa mkono, wengine wanadondoka, na wale samaki wadogo hivyo wakidondoka nani atawatafuta, na jani la mgomba likichanika chini ya beseni nani ataliona. Mimi sikuwaza hayo. Mimi nilirudi nyumbani natembea kama meneja.

Jumamosi asubuhi nikaifuata ndoo. Nikakaa kwa Mama Zawadi kidogo, nikanywa chai katikati ya mabeseni yake, na hapo ndipo pua yangu ilipozoea na kuacha kazi. Tulipokuwa njiani dereva wa moto, yaani pikipiki, aliniuliza kama nimebeba samaki. Nikamwambia ni desseri, na ndani ya moyo nikamsikitikia, maskini, hajawahi kukutana na vitu vizuri.

Nyumbani nikafungua majani. Kumbe nilikuwa nimetengeneza jiwe. Si vipande, si vikombe, jiwe moja la ukubwa wa ndoo, na uso wake ulikuwa wa kahawia (ndizi ndizo zilizoamua rangi, hazikuuliza mwingine). Nikajaribu kijiko, kikapinda. Nikaipeleka juani, lakini mnalijua jua la hapa, siku ukilihitaji linajifunika wingu lililoshuka kutoka Bugeshi na kulala. Magari ya wakwe yakawa yanaingia. Nikamwagia maji ya moto, ikawa juu uji, chini jiwe. Nikaongeza maji. Uji ukazidi, jiwe halikutikisika. Ndipo nikaona mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, umeegemea ukuta.

Kati ya nyuma ya nyumba, nilipokuwa mimi, na mahema kuna ukuta tu, tena wa mbao. (Maneno ya sherehe yalikuwa ya Kinyarwanda, mimi nayaweka kwa Kiswahili chetu.) Msemaji wa wakwe, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya manyoya, alikuwa ameshika maikrofoni anaeleza kwa sauti ya asali jinsi walivyosikia habari za ua moja linalomea pwani ya ziwa Kivu, mimi huku natwanga jiwe langu, du. Akasema ua hilo, du. Akasema kwamba wao hawakulala, du, du. Akanyamaza. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshapata mwendo, sikunyamaza. Nikapiga tatu nzima kwenye ukimya wake.

Akasema, “Tuliambiwa tunangojewa. Sasa nasikia bado munatwanga sombe. Turudi Kigali tupige simu kwanza?”

Wakacheka upande wao. Baba Mdogo Faustin alikuwa msemaji wetu, na Baba Mdogo ukimpa maikrofoni ni kama kumpa gari lisilo na breki. Badala ya kucheka na kupita, akasimama akajibu kwamba wanaotwanga sombe ni wenye njaa, na kwamba sauti ile waliyoisikia ni ya chakula ambacho Kigali hawajakiona, kinaitwa desseri ya kugandisha, kimeandaliwa siku nyingi kwa mikono ya binti wa nyumba hii, na hapohapo, kabla ya neno lingine, kitaletwa mbele. Hakuwa ameionja. Hakuwa hata ameiona. Nikasikia sauti ya Claudine dirishani, chinichini, “Furaha, usipeleke. Nakuomba.” Lakini mahema yalikuwa tayari yanapiga makofi, na mimi (hapa ndipo nilipotakiwa kukimbilia Cyanzarwe nikajifiche kwenye maharagwe ya watu) nikachota kwenye vikombe, nikapanga kwenye sinia, nikatoka.

Mfikirieni mtu aliyevaa mushanana, vazi letu la sherehe la kufunga begani, ya kushona mwenyewe, bega limelowa uji wa ndizi, anatembea katikati ya familia mbili na sinia inayotangulia kwa harufu. Niliona pua zinanyanyuka mstari kwa mstari. Mtoto mmoja wa upande wao akamwuliza mama yake kama samaki ndiyo wanaletwa. Shangazi Beata alikunja mikono yake polepole, kama mtu aliyewahi mapema akapata kiti kizuri.

Nikamfikia yule mzee wa kofia, sasa amekaa, kofia mapajani. Akakitazama kikombe. Kisha, na maikrofoni yake iko mdomoni, akasema kwamba nyumba yenye adabu haimpi mgeni kinywaji kabla aliyekileta hajaonja, na kwa kuwa hiki kimekwisha kuwa kinywaji, binti aonje. Ni desturi yetu ya zamani, hiyo ya kuonja mbele ya mgeni ili ajue hujamtilia sumu, na hakuna aliyeweza kuikataa, sote tumekulia humo. Nikachukua kijiko. Nikakijaza, kwa sababu ukijaza kidogo watasema unaogopa.

Jamani. Kwanza ilikuja pombe ya mananasi, halafu ziwa. Ziwa lote, na mitumbwi yake. Na katikati ya ndizi meno yangu yakakuta kitu chembamba chenye mgongo, kikakatika. Nilijua ni nani. Nikammeza huku nimetoa macho, nikasema kwenye maikrofoni, “Ni muzuri.” Nikatabasamu. (Yule dada wa kwenye simu angeniona.)

Mzee akainua kikombe chake. Na hapo, mimi niliyekwisha kudanganya mbele ya watu wote, nikawa namwona Claudine. Simwoni kwa macho, alikuwa ndani, lakini nilijua amekaa kwenye kitanda na urembo wake wote, mikono imefumbatwa, anasikiliza maikrofoni, na mzee huyu akikipata kile nilichokipata mimi, kitasemwa hapa, kitasemwa njia nzima ya kurudi Kigali, na kitasemwa mezani kwake miaka yote atakayokuwa mke wa watu, na kwa jina lake yeye. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Nikakishika. Nikavuta, yeye akavuta, uji ukamwagikia kofia ya manyoya aliyokuwa ameipakata kwa heshima.

Nikamwambia, na maikrofoni ikamwambia kila mtu, “Mzee, usikule. Imelala na samaki. Dada aliniambia ninunue matunda ya asubuhi, mi nikajifanya mujanja. Yeye iko ndani, hajui kitu.”

Baba Mdogo alikuwa anatazama paa la hema kama anayetafuta tundu. Machozi yalikuwa yananitoka, na hata machozi yenyewe nilihisi yananuka. Ndipo Shangazi Beata akasimama. Kwa kawaida saa ile si ya akina mama kusema, lakini alinyoosha mkono tu, mzee akampa maikrofoni huku anapangusa kofia. Akanitazama toka miguuni mpaka begani penye ndizi, kwa ule upole wake, akageuka kwa wazee wetu.

“Sisi tulikuya kuomba ule iko ndani,” akasema. “Huyu wa ndoo, mubaki naye.”

Mahema yote mawili yalianguka kwa kicheko. Walicheka wakwe, wakacheka wetu, Baba Mdogo alicheka mpaka akakalia soda, na nadhani alicheka kuliko wote kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamkumbuka tena yeye na maneno yake. Shangazi akangoja waishe, akasema sasa wamtoe mtoto wao wamwone. Akina mama wakapiga vigelegele, Claudine akatoka, mzuri hivyo kwamba hata mimi nilisahau ninavyonuka, na Shangazi Beata akamkumbatia kwa muda mrefu. Basi la kusema alilipata, ila lilinipata mimi. Claudine aliponipita aliniinamia sikioni kama anayenibusu, akaniambia nisisogee karibu kwenye picha.

Ndoo niliipeleka kwa nguruwe wa jirani. Alinusa, akanitazama, akarudi kulala. Watoto wa mtaa wakaanza kuniita Desseri, na mpaka leo fundi wangu akitaka kunituma anaita hilo jina, na mimi naitika, nifanyeje.

Nilichojifunza ni hiki: kitu cha bei rahisi hakina ubaya, ubaya ni kukipa cheo. Matunda yaliyochoka unayala nyumbani siku hiyohiyo, na watu wako, mlango umefungwa. Hayapelekwi ukweni, hayalazwi kwa Mama Zawadi, na mtu akiniuliza leo kama nagandisha kitu, namwambia hata maji sigandishi.

Kwenye harusi yenyewe, kule Kigali, nilipewa kazi. Shangazi Beata ndiye aliyepanga, akanionyesha mahali pangu, nje, mlangoni kabisa, mbali na meza ya chakula mpaka sauti ya vijiko haikunifikia. Kazi yangu ilikuwa kupokea miavuli. Mvua ilinyesha, na kila mwavuli niliupokea kwa mikono miwili.