Kona ya Usinge na Jinsi Nilivyoupata Unyapara

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na sita, na ng'ombe wa baba walikuwa wamekwisha kwa ukame. Shida ilianza hapo. Kwetu ni Choma, upande wa Igunga, ambako mtu asiye na ng'ombe hata salamu yake huitikiwa kwa mkato. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Nikatembea hadi Nzega, nikadandia lori la pamba hadi Bukene, na asubuhi iliyofuata nikawa kibarua wa reli.

Niliwekwa kwenye ganji. Ganji ni kikosi kinachokabidhiwa kipande cha njia ya treni kukitunza, kwa mvua na kwa jua. Anayekiongoza anaitwa Nyapara. Juu ya Nyapara yuko Mkaguzi wa Njia, anayekuja na kiberenge, kile kigari kidogo kinachopita juu ya reli. Juu ya Mkaguzi yuko Mhandisi wa Tabora, ambaye sisi tulimjua zaidi kwa barua zake kuliko kwa sura.

Siku ya kwanza nilidhani nitapewa sururu. Nyapara wa Bukene, mzee mfupi mwenye sauti ya kengele, aliniambia nilale kifudifudi katikati ya njia, shavu juu ya reli.

"Fumba jicho moja. Tazama mbele. Pale kwenye kichaka, reli iko juu au chini?"

"Iko chini, mzee."

"Chini kuliko nini?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Hujui," akasema. "Reli peke yake haina juu wala chini. Siku ukiweza kuniambia chini kuliko nini, utakula mshahara wangu. Inuka, chukua sururu."

Nikachukua. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya reli kuna mataruma, vile vyuma vinavyolala kukingama, vilivyokunjwa kama beseni lililopinduliwa. Chini ya mataruma kuna kokoto. Treni zikipita, kokoto hushuka, taruma nalo hushuka, reli inapinda. Basi mnainua reli kwa jeki na mitaimbo, mnasukumiza kokoto chini ya taruma kwa ncha ya sururu, mpaka likae imara. Taruma likiwa limetupwa pembeni ya njia, mbuzi wanalikalia. Likishikwa na reli juu na kokoto chini, linabeba treni nzima. Mimi niliona maajabu hayo nikiwa na njaa, nikaamua sitarudi Choma mpaka nami nijue pa kushikwa.

Kutoka Bukene nilihamishiwa Malongwe, halafu Urambo, halafu Usinge, kwenye njia ya Kigoma. Njia hiyo wazee wetu waliipita kwa miguu, mizigo kichwani, kabla hakujawa na reli. Kila kituo nilijifunza kitu. Nyapara wa Malongwe alikuwa mkali, anakagua hadi namna ulivyosimama. Nyapara wa Urambo alikuwa mpole lakini macho yake yalikuwa kama ya mwewe. Wote wawili niliwaibia ujuzi wao bila aibu.

Usinge nilimkuta Shomari, Mzaramo wa Kisarawe, darasa la saba, mwenye nguvu za kuinua mtaimbo kwa mkono mmoja. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipofikisha mizigo Pwani na wazee wao wakawapokea. Maneno aliyokuwa akinitupia Shomari, mtu mwingine angeyasema tungefikishana kwa mtendaji. Yeye akiyasema nilikuwa nacheka na kumkatia muhogo.

Miaka ikapita, Nyapara wetu akastaafu. Nafasi ikawa wazi, na wenye umri wa kuishika tulikuwa wawili, mimi na Shomari. Mimi niliitaka vibaya sana. Nilikuwa naishi na mke na watoto wanne katika chumba kimoja cha kambi, na nyumba ya Nyapara ilikuwa ya tofali, ina sebule na jiko lake. Mkaguzi alisema ataamua mwenyewe, atuone kazini kwanza.

Hakusubiri sana. Mvua za masika zilipiga siku mfululizo, na asubuhi moja mwenzetu anayetembea njia kila alfajiri kuitazama akaja anakimbia na bendera nyekundu: tuta linalobeba reli limetitia kwenye kona, kabla ya kalvati la mawe. Treni ya abiria ilikuwa imezuiwa stesheni. Mkaguzi akafika na kiberenge, koti limelowa.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba. Nani anasimamia hapa?"

Shomari alikuwa tayari ameinama na pimamaji. "Mimi nimeshaanza, mzee. Mataruma haya manne yamezama. Nayainua mpaka yalingane na ya jirani, kisha upande wa nje naipa kona mwinuko wake."

Kwenye kona reli ya nje huwa juu kidogo kuliko ya ndani, ili treni isitupwe nje. Hilo Shomari alilijua vizuri. Lakini mimi nililala kifudifudi, shavu juu ya chuma cha baridi, nikaona kitu kingine: mataruma ya jirani nayo yalikuwa yamezama. Tuta lilikuwa limeshuka polepole, kipande kirefu, na yale mataruma manne yalikuwa tu yameshuka zaidi ya mengine. Ukiyalinganisha na ya jirani, umelinganisha mgonjwa na mgonjwa.

Nikainuka, nikaanza kutembea kuelekea kalvati.

"Wewe Mnyamwezi!" Shomari akapaza sauti. "Shimo liko huku! Au umekumbuka mzigo wako uliuacha Ujiji?"

"Nakwenda mahali ambapo hapajazama!"

Kalvati lile lilijengwa juu ya mwamba. Halisogei. Upande wa pili, mbali, kulikuwa na kipande cha njia kilichokatwa kwenye kilima, nacho kigumu. Nikarudi kwa Mkaguzi.

"Mzee, nipe kona yote, kutoka kalvati hadi kilimani. Siyo mataruma manne."

"Kona yote? Kuna watu stesheni wanalia na watoto." Akanitazama. "Una darasa la ngapi?"

"La nne."

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimesimama hapa kwenye tuta, treni ikipita. Mtaniona."

Akafuta maji yaliyokuwa yakimtiririka puani. Kisha akasema, "Shomari, shika jeki. Msikilize huyu."

Shomari alikunja uso, halafu akatema mate mikononi. "Haya, mpagazi. Sema."

Nikalala kwenye matope, nikiwaongoza kwa mkono. Kiganja juu, wainue. Ngumi, wasimame. Mkono pembeni, wasogee. Sikutazama walipo wao. Nilitazama kalvati na kilima, na kile kilichokuwa kati ya hivyo viwili nikakiita kirudi mahali pake. Sururu zikapiga, watu wakaimba, Shomari akiongoza wimbo wa matusi kuhusu mashavu yangu. Tulimaliza jua likiwa limeshuka.

Kiberenge kikapita kwanza. Kisha treni ikaja, taratibu, nzito, abiria wamejaa madirishani. Nilisimama kwenye tuta kama nilivyosema. Shomari akaja akasimama ubavuni kwangu bila kuitwa. Injini ikapita. Mabehewa yakapita. Hakuna hata moja lililoyumba.

Mbele kidogo treni ikasimama. Dereva akatoa kichwa nje.

"Jamani, mliniambia nipite polepole. Hapo palipoharibika ni wapi, bado mbele?"

Mkaguzi akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Akanigeukia.

"Nyapara, mjibu dereva."

Shomari akaniwahi kujibu, tena kwa matusi.

Nilikuwa Nyapara mpaka nilipostaafu nikiwa na miaka sitini, na Usinge hakuna treni iliyoanguka kwenye kipande changu. Vijana wananiuliza kama nimetajirika. Nawauliza, mbele ya nani? Ng'ombe wangu kumi na mmoja, nikiwa nao Choma, watu wananihurumia. Nikiwataja hapa Tabora mjini, wananiwekea kiti. Ng'ombe ni wale wale. Mimi nimeridhika nao kote kuwili.

Leo nina haya: nyumba ya tofali za kuchoma Isevya, vyumba vitano, hati kwa jina langu. Kisima uani, majirani watatu wanachota. Ng'ombe hao kumi na mmoja, kwa mdogo wangu. Mizinga ya nyuki ishirini Sikonge. Shamba la mahindi na karanga. Baiskeli mbili, moja nzima. Watoto wanne waliosoma kunizidi, na mmoja wao ananisikiliza. Mke mmoja, yule yule wa chumba cha kambi, ambaye mpaka leo akinikasirikia haniiti Baba Kulwa. Ananiita Nyapara, na mimi naitika.