Aliyenisindikiza Magamba

Mimi si mtunzi. Insha zangu za kubuni hupata alama za huruma, na chini ya moja mwalimu wa Kiswahili aliwahi kuandika, "Jitahidi kudanganya kidogo." Kwa hiyo, msomaji, ukifika mbele ukajisemea kwamba haya nimeyatunga, kumbuka kwamba kipaji hicho sina. Yalinikuta, tena mchana, viatu vyangu vikiwa na matope ya kweli.

Yalianzia shuleni. Mwalimu wa historia alisema kila mmoja achague mwenzake, waende kuona mahali pa kale karibu na kwao, kisha waje kutueleza. Mara darasa zima likashikana wawili wawili kama viatu. Aliyebaki ni mimi. Mwalimu alipouliza nani hana mwenzake, niliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Naishi na Bibi juu ya Lushoto. Shamba letu la kabichi linapoishia ndipo msitu wa Magamba unapoanzia. Jumamosi baada ya adhuhuri nikamuaga niende kuona magofu ya enzi za Wajerumani, kulikokuwa na kazi ya kupasua mbao.

"Nenda," Bibi akasema, "lakini ukungu ukishuka, na wewe shuka. Ukichelewa nitakufuata na mguu wangu huuhuu."

Mguu wa Bibi ni mbovu, hata kwenye kuku haufiki bila fimbo. Nikacheka, nikaondoka.

Njia ya msituni inapita chini ya mti mkubwa wa mkulo, halafu inapanda hadi kwenye kuta za mawe ambazo mizizi imezikumbatia. Kwenye ngazi ya nyumba mojawapo alikaa msichana wa rika langu, pekupeku, kajifunga kaniki. Nikamsalimu kwa sauti yangu ndogo ya darasani. Akanijibu kwa Kishambaa, Kishambaa cha zamani kuliko hata cha Bibi. Hapa nakiandika kwa Kiswahili.

"Mbona unaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto? Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Nikacheka. Niamini, mimi huwa sicheki na wageni. Nikamuuliza kama anajua nyumba hii ilikuwa ya nani.

"Ilikuwa?" Akanitazama. "Paa limezibwa juzi tu."

Nikatazama juu. Palikuwa na tawi na kipande cha mawingu. Nikadhani ananitania, na kusema kweli nilipenda kutaniwa. Akanionyesha mbao zinapopangwa, kengele inapogongwa, na mahali anapokaa msimamizi kunywa maziwa. Nikamuuliza yeye amefuata nini huku.

"Namsindikiza kaka yangu. Wamemchukua kwenye mbao. Alipinda kona ile, nikampoteza."

Ningepaswa kuuliza zaidi, sivyo? Lakini yeye akaniuliza mimi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kuhusu kamba ya kiatu. Nikamwambia kwamba majibu ninayo, ila huyaandaa mdomoni mpaka mwalimu anaita mwingine. Alisikiliza bila kutazama pembeni. Mwishowe akasema, "Basi hao wanakosa mengi, mwenzangu." Hivyo ndivyo alivyoniita mpaka mwisho. Jina hakuniuliza, wala mimi lake.

Ukungu ukashuka. Akasimama. "Twende nikusindikize."

Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unatoka naye mnakwenda, na yule anayeondoka ndiye anayepaswa kusimama na kusema, "Haya, rudi sasa." Asiposema, unazidi kwenda. Kugeuka mwenyewe ni kama kumwonyesha umemchoka.

Tulipofika kwenye mkulo, ilikuwa zamu yangu kusema. Neno likakataa. Nikasema, "Ngoja na mimi nikusindikize kidogo." Tukapanda. Huko juu naye hakuniambia nirudi, akanisindikiza tena kushuka. Tukawa tunapanda na kushuka, tukiongea na kuchekana. Alivicheka sana viatu vyangu, akauliza kama vinalishwa au vinakula miguu. Je, sikuona kwamba miguu yake haishiki tope? Sikuona kwamba kaniki yake ni kavu wakati mimi nachuruzika maji? Niliona. Nilijiambia kuna watu wamebarikiwa tu. Mtu mwenye kiu hachunguzi kikombe.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika tena kwenye mkulo. Hapo nikamsikia Bibi akiniita. Chini, kati ya kabichi, tochi yake ilikuwa inayumba, inasimama, inayumba tena. Alikuwa anakuja kweli, na mguu wake uleule, kwenye mteremko unaoteleza.

Nikamtazama mwenzangu. Nilijua nikisema, sitampata wa hivi tena. Nilijua pia Bibi ataanguka.

"Haya," nikasema. "Rudi sasa."

Akasimama. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Asante, mwenzangu. Nilidhani hakuna tena anayelijua neno hilo."

Akageuka. Hakutazama nyuma. Nikabaki namfuata kwa macho mpaka ukungu ukajifunga.

Bibi alipofika, hakunigombeza. Alimulika njia. Kwenye tope kulikuwa na alama za viatu vyangu peke yake, zikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka njia imekuwa kama imelimwa.

"Mjukuu wangu," akasema polepole, "ulikuwa unamsindikiza nani?"

Usiku ule, jikoni, akanisimulia alichosikia kwa bibi yake. Kulikuwa na msichana ambaye kaka yake alichukuliwa kwenye mbao. Alimsindikiza, na kaka, kwa kuogopa kulia mbele ya wenzake, alipinda kona bila kumwambia arudi. Binti hakuonekana tena. "Anayesindikiza harudi mpaka aambiwe," Bibi akasema, akasukuma kuni ndani.

Darasani nilieleza nyumba ile yote, na kengele, na maziwa ya msimamizi. Walisikiliza mpaka mwisho, na siku hizi kuna wawili watatu wanaonisubiri tutoke pamoja. Ni wazuri, sisemi vibaya. Lakini tukiachana njia panda nabaki nimesimama. Na kila Jumamosi napanda hadi kwenye ngazi ile. Iko tupu.

Nawe ukipita Magamba, ukungu ukashuka, ukapata wa kukusindikiza, usimwogope, hana ubaya. Ila mwambie arudi mapema, kabla hujazoea sauti yake. Na akigeuka, nawe geuka hapohapo, usimfuate hata kwa macho. Maana nilipomwambia arudi, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka, na mimi ndiye niliyebaki nasindikiza. Na kwa furaha ya kwenda kwao, alisahau kuniambia mimi nirudi.