Kokoto za Mto Juu ya Mlima wa Keza

Siku yangu ya kwanza kazini Ngara, mkuu wangu, mhandisi wa maji, alinikabidhi nyundo akaniuliza, "Hiyo shahada yako inajua kupanda milima?" Nikasema ndiyo. Magoti yangu hayajanisamehe hadi leo.

Kazi yetu ilikuwa kusoma mabonde. Zamani sana, katika enzi za ukame, milima hii ilibaki na miti michache; mvua kubwa za mara mojamoja zilishusha kokoto, na mto ukajaza bonde lake. Mvua za kudumu ziliporudi, misitu ikashika udongo, mto ukaanza kuchimba kwenda chini. Sakafu yake ya kale ikabaki juu, pembeni mwa bonde, kama ngazi. Ukikuta kokoto za mviringo kwenye ngazi hiyo, umekuta mto wa kale, na chini yake huenda pana maji.

Katika kijiji cha Keza, kokoto hizo nilizikuta katikati ya mlima. Niliwakusanya wanakijiji, nikawahutubia kuhusu tabianchi hadi jua likahama. Vijana wakachimba siku tisa. Udongo mwekundu mtupu.

"Mawe hayo tuliyapandisha sisi kutoka mtoni, kwa vichwa," akaniambia Bibi Anastazia, mwenye shamba. "Tulitandaza uwanja wa kuanikia mtama."

"Bibi, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafundisha. Mwalimu anakatizwa?"

Mkuu hakufoka. "Andika hapana maji," alisema, "kisha nenda Biharamulo." Nilikaa huko miaka mingi, nikipandishwa vyeo. Wanawake wa Keza waliendelea kupanda mlima na ndoo. Tangu siku ile niliwauliza wenyeji kwanza kila nilipokwenda, lakini hilo halikumtua mtu wa Keza ndoo yake.

Nilipostaafu nilirudi Keza kwa bodaboda. Chini ya mlima, kwenye ngazi ya bonde yenye migomba ya Bibi, mvua ilikuwa imekata ukingo wa njia, na ndani yake kokoto zilionekana zimelala tabaka juu ya tabaka. Hizo hakuna aliyezibeba.

"Shikamoo, Bibi. Safari hii ni hapa."

"Marahaba. Vijana wamekuchoka. Chimba mwenyewe."

Leo ni siku ya nne. Shimo limenifika kiunoni, mgongo hauna tena adabu, na Bibi ameketi ukingoni akiniuliza kama chuoni walitufundisha kushika jembe. Tangu asubuhi kokoto zinatoka na unyevu. Hii ya mwisho ameichukua, ameibana kiganjani, na ameacha kunicheka.