Ndugu Yangu Amenisamehe, na Mimi Sijamkosea

Kila asubuhi nikiwa kwa kigoda changu, kichwa nimekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, ndugu yangu huwa ananihubiria. Yeye mwenyewe hayuko hapo. Yuko kwake, upande wa pili wa shamba, na chai ameshakunywa. Ni sauti yake tu inatoka kwa simu ya mke wa kijana wangu, ambayo huitundika kwa msumari wa mlango wa zizi akikoroga pumba. "Wapendwa katika Kristo, tafakari ya leo." Ng'ombe ameshazoea. Akisikia "wapendwa" anaachilia maziwa.

Ndugu yangu ni mkubwa wangu, na ndiye katekista wa kanisa letu hapa Tetu. Tafakari yake huenda kwa simu za jumuiya yote kabla ya jua kutoka. Sisemi ni mbaya. Anajua kusema. Mimi shule niliiacha mapema kwa sababu ya mbuzi. Yeye aliendelea kidogo, hata seminari akaonja, na hicho kidogo amekitumia vizuri mpaka leo. Shida ni kwamba kiangazi chote kilichopita alikuwa anatafakari jambo moja tu, msamaha. Leo msamaha, kesho msamaha, Jumapili msamaha na mfano wa mwana mpotevu. Na kiangazi hicho chote hakuwa anaongea na mimi. Salamu hata hakuna. Tukikutana kwa njia ya kwenda kupeleka majani chai, anaangalia Mlima Kenya kama mtu aliyeambiwa mlima huo utahama.

Wacha niseme kilichotokea, kabla sijaanza habari ya majani chai, maana nikianza hiyo hatutatoka huko.

Kati ya shamba lake na langu hakuna uzio. Kulikuwa na matoka. Itoka ni ua lenye majani marefu, na mzizi wake ni kama kitunguu kikubwa kilichoshiba. Likichanua huwa jeupe lenye mistari ya waridi. Lakini hapa kwetu hakuna mtu anapanda itoka kwa ajili ya kuliangalia. Wazee walikuwa wanalipanda mpakani, kwa mstari, kutoka barabarani mpaka mtoni, watu wa pande zote mbili wakiwa wamesimama hapo. Ukishapanda hivyo, kuling'oa ni mambo. Mtu wa kung'oa itoka angeogopwa kama mchawi. Yetu yalipandwa na baba, mimi na ndugu yangu tukiwa vijana tunamshikia jembe, na waliosimama siku ile wote tumewazika. Cheti cha shamba bado ni cha jina la baba. Mpimaji hawezi kuja kabla sisi wawili hatujakubaliana mpaka uko wapi, na hakuna mtu mwingine chini ya jua anaujua. Hiyo tu ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Sisi ni wazee. Mmoja akienda bila mpaka kusimama, watoto watakatana na panga. Nimeona hiyo kwa majirani, sihitaji kuhubiriwa.

Sasa, mke wa kijana wangu ametoka Doldol, kwa wafugaji. Kijana anafanya kazi Nanyuki, huja mwisho wa mwezi, na huyu mama ndiye tunakaa naye. Ni mtu mzuri. Ana maneno, lakini ni mtu mzuri. Jumapili moja ndugu yangu akasimama mbele ya kanisa akasema sanamu ya Mama Maria imekaa mahali pa vumbi kama mama asiye na watoto, na kila nyumba ilete maua. Aliomba yeye! Kwa mdomo wake! Watu wakaleta geranio, wakaleta yale manjano ya kandokando ya njia. Mke wa kijana wangu akachukua jembe, akaenda katikati ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, akang'oa matoka yote tangu barabarani mpaka mtoni, akayabeba kwa gunia. Ndugu yangu akayapokea. Akamsifu. Akaonyesha watu mahali pa kuyapanda, padri akayanyunyizia maji ya baraka, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kwa sababu ya mgongo, nikaona majani tu, nikafikiri, haya maua nayajua.

Katekista mwenyewe hakuyatambua mpaka alipofika nyumbani akaenda kukatia ng'ombe nepia. Nilisikia akipiga kelele nikiwa ndani.

Nilimuuliza huyu mama, na nilikuwa na hasira, siwezi kuficha.

"Kwani wewe ulifikiri maua yanaota yenyewe kwa mstari katikati ya chakula cha ng'ombe?"

"Baba, huko kwetu mpaka ni mto ama ni kilima. Na hata huo, ng'ombe hajui."

"Nani alikwambia ung'oe?"

"Hakuna. Nilifikiri mama ndiye aliyapanda. Ati alikuwa anapenda maua. Nikasema yakienda kwa Mama Maria atafurahi."

Mama anayesema ni marehemu mke wangu, ambaye hakuwahi kupanda kitu kisicholiwa. Lakini sasa ungejibu nini hapo? Nilienda nikakaa na ng'ombe.

Ndugu yangu yeye alikuwa na jibu. Alisema mtoto wa watu hawezi kung'oa mpaka bila kutumwa. Alisema nimemtuma mgeni asiyejua, ili lawama isinikute, kwa sababu ninataka ule mwavokado ulio karibu na mstari. Mwavokado ni wake! Hata mbwa wanajua ni wake. Una wadudu, matunda yake ni mbegu na ngozi. Nikamtumia watu wamwambie sitaki mwavokado. Akasema, ona, mbona ameutaja.

Tungeyarudisha matoka siku ile ile, lakini akakataa tena. Kilichotolewa kwa Mungu hakirudishwi. Hiyo pia aliitafakari kwa simu, na mimi nikiwa hapo nakamua.

Basi siku moja nilichoka. Tafakari ya asubuhi ilikuwa ile ya kumsamehe ndugu yako mara nyingi mpaka hesabu ikuchoshe. Nilimaliza kukamua, nikaacha maziwa mlangoni, nikaenda kwake na gambuti za zizi miguuni. Alikuwa anatupia kuku mahindi.

"Hodi."

"Karibu." Hiyo alisema kwa sababu ya ukristo. Uso ulikuwa unasema nenda.

"Mwana wa mama, tafuta siku tusimame pale mpakani. Mvua imekaribia. Tutapata matoka mahali."

"Mimi nilishakusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Nimekusamehe tu. Nimekuweka mbele ya Mungu."

"Basi nitoe huko mbele ya Mungu uniweke mbele ya mpaka! Sikutuma mtu."

"Unaona? Hata kutubu hutaki. Na bado nimekusamehe."

Akaendelea na kuku. Niambie, wewe unayesoma, umewahi kusamehewa namna hiyo? Ni afadhali kutukanwa. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Mtu akikusamehe kosa ambalo hukufanya, anakuacha umesimama kwa boma lake na gambuti zako, na kuku wanakuangalia. Mimi nimesikia mahubiri mengi kuhusu ugumu wa kusamehe. Bado nangoja ya huyu anayesamehewa bure. Naye ni mtu. Naye ana moyo unaowaka.

Nilifikiria kuweka nguzo za chuma pale mpakani. Nikateremka Nyeri mjini, kwa duka moja la Mhindi ambalo tumenunua misumari tangu enzi za baba yake. Huyo mzee anaongea Kigikuyu vizuri kuliko wajukuu wangu. Nikamweleza yote. Akasema nguzo ni nzuri, hazing'olewi na akina mama wa kanisa. Nikamuuliza, na wewe na ndugu yako? Maana ndugu yake ana duka mlango unaofuata. Akaniambia hawajaongea tangu walipojenga ukuta katikati, na ukuta ni wa mawe, mzuri sana, nikitaka fundi ataniitia. Nilinunua misumari nikarudi nyumbani. Nguzo ningeziweka wapi peke yangu? Nikichimba shimo moja tu bila yeye kuwa hapo, basi mimi ndiye mwizi kweli.

Mvua ilikuja. Mvua ikija hapa kwetu, mstari wowote kwa ardhi unapotea. Nepia yake na yangu zikaanza kushikana mikono, hata mimi nikisimama pale nilikuwa naanza kuwa na shaka. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Aliyetusaidia ni yule yule aliyetuharibia. Jumuiya yetu husali nyumbani kwa watu kwa zamu, na katekista hawezi kuruka nyumba, hata awe anaichukia namna gani. Mke wa kijana wangu alisimama akaomba zamu ije kwetu. Hakuniuliza. Nilijua nilipoona anamenya nduma nyingi.

Walikuja. Ndugu yangu alikuja na mwavuli na ule mkoba wake, akakaa kwa kiti kilicho mbali na mimi, ambacho kwa nyumba yangu si mbali. Tukasali. Akatafakari, sitakwambia ni nini, unajua. Alipomaliza, chai ikamiminwa, na yule mama akaingia na gunia, akaliweka katikati ya miguu ya watu. Likamwaga matope kwa sakafu.

"Baba mkubwa," akamwambia ndugu yangu, "mimi ndiye niling'oa. Sikutumwa na mtu. Hawa ni watoto wa yale matoka, yamezaa pale kanisani. Nilimuuliza padri kama naweza kuchukua watoto, akacheka, akasema Mungu hana haja na mpaka wa watu wa Tetu. Sasa mimi sijui yanapandwa wapi. Hawa wote hawajui. Ni nyinyi tu. Mkienda nayo kaburini, sisi tutamuuliza nani?"

Ndugu yangu akaangalia chai yake. Mimi nikaangalia yangu.

Kuna nyanya mmoja wa jumuiya, mwenyekiti wetu, mdomo wake hauna breki. "Si muende?" akasema. "Ama mnangojea baba yenu afufuke awaonyeshe? Nduma zitapoa."

Tukaenda. Jumuiya yote nyuma yetu, kwa mvua ya rasharasha, na miavuli. Ukitaka kujua udhaifu wa binadamu, tembea mpaka na ndugu yako.

"Hapa," nasema.

"Hapo ni choo chako kilikuwa, si mpaka."

"Choo kilikuwa kule. Wewe ulikuwa seminari unasoma."

"Nilikuwa nimerudi likizo. Na usikaribie mwavokado."

"Nani anataka mwavokado wako wa wadudu?"

"Wadudu wameletwa na ile mikahawa yako michache!"

"Mbele ya jumuiya," nyanya akasema. Tukashusha sauti kidogo.

Itoka la mpaka hupandwa na watu wawili wakilishika pamoja, udongo ukiingia. Tulishika. Tukipanda, tukipiga hatua, tukigombana, tukipanda. Mahali pengine alishinda yeye, mahali pengine mimi, na mahali pengine wote wawili tulikumbuka jambo moja kwa wakati mmoja, jiwe ambalo baba alijigonga akalitukana, na hapo tulipanda tu.

Karibu na mto, ndugu yangu akainama na goti lake likakataa. Sikujua ana goti. Kiangazi chote mtu haongei na wewe, utajuaje ana goti? Akaanguka kwa goti lile lingine, akanishika koti, nami nikashuka naye kwa matope. Tukawa hapo wote wawili tumepiga magoti, itoka likiwa mikononi.

Jumuiya ikaona hivyo. Mtu akavua kofia. Nikasikia nyuma yangu watu wanashuka chini mmoja mmoja, na nyanya akaanza Baba Yetu.

"Niinue, wewe," ndugu yangu akanong'ona.

"Nyamaza. Wanasali."

"Goti linavunjika!"

"Basi sali haraka."

Ilibidi tusali. Tulipofika pale pa makosa yetu na ya waliotukosea, niligeuka kumwangalia, nikaona naye amegeuka kuniangalia mimi, kila mtu anangojea kusikia kama mwenziwe atasema hayo maneno kwa sauti. Tulisema. Sitadanganya kwamba mbingu zilifunguka. Maji yalikuwa yameingia kwa kiatu changu na bado nilikuwa na hasira, na yeye bado alikuwa na hasira. Lakini tuliyasema tukiwa tumeshika kitunguu kimoja, na udongo umeshaingia.

Mpaka leo watu husema siku ile wale wazee walipiga magoti kwa hiari yao. Nimechoka kuwaeleza.

Baada ya Amina mke wa kijana wangu alikuja akamshika ndugu yangu kwapa la huku, mimi la kule, tukamsimamisha. Ni mzito, kwa mtu anayefunga kila Ijumaa. Akapangusa suruali, akavaa miwani, akaangalia ule mstari kutoka mtoni mpaka juu barabarani, polepole, kama mtu anayesoma.

"Lile la karibu na ule mti wa miiba," akasema, "umeliingiza kwangu."

Nikaangalia. Lilikuwa limeingia. Si sana, lakini limeingia, na aliyeshika jembe hapo nilikuwa mimi.

"Basi nisamehe," nikamwambia.

Akavua miwani. Yeye ambaye alinisamehe kila asubuhi mbele ya ng'ombe, aliifuta mpaka nyanya akakohoa.

"Hiyo," akasema, "nipe muda niiombee."

Nikang'oa itoka, tukalishika tena, tukalisogeza.