Makaburi Mawili ya Mjomba

Kwetu Iringa mtu haendi msibani kimya. Ukishaona uwanja wenye watu wameketi chini, unaanza kulia hukohuko njiani, mikono kichwani, na ukifika unajitupa. Kuuliza kwanza ni nani aliyekufa? Thubutu! Wangekutazama kana kwamba umekuja kuomba chumvi. Desturi hiyo ndiyo iliyotuponza, na mpaka leo sijui niilaani au niishukuru.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nimemaliza shule ya masista kule Tosamaganga, najiona nina akili kuliko nyumba nzima. Utingo wa lori akatuletea habari kwamba mjomba, mdogo wake mama wa pekee, amefariki karibu na Mbalizi, alikokuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa. Tukapanda basi, mama, shangazi na mimi, pamoja na jogoo kikapuni. Mama alilia jina la mdogo wake kutoka Iringa mpaka Mbeya. Alipumzika tu basi lilipokwama kwenye tope, maana hapo abiria wote walishuka kusukuma, naye akasukuma.

Tuliposhuka Mbalizi hatukuhitaji kuuliza njia. Ng'ambo ya barabara palikuwa na nyumba ya nyasi, watu wameketi uwanjani, wanaume wameegemea majembe. "Ndiyo hapa," shangazi akasema, akajitupa chini. Mama akafuata. Mimi nilikuwa na gauni jipya, kwa hiyo nilitafuta kwanza mahali pakavu, kisha nikajitupa na mimi.

Ajabu ni kwamba wale watu walifurahi. Bibi mwenye nyumba, Msafwa mmoja mzee sana, aliinuka akamshika mama mikono yote miwili. "Mwanangu, mmekuja! Mungu mkubwa, mmekuja!" Nikawaza, kumbe watu wa Mbeya wana namna yao ya kuomboleza.

Tukaingizwa ndani kumwona marehemu. Mjomba wangu alikuwa mfupi, mnene. Huyu aliyelala pale alikuwa mrefu mpaka miguu imepita mkeka.

"Amekonda, masikini," shangazi akanong'ona.

"Ugonjwa unakondesha, shangazi," nikamnong'oneza. "Haurefushi."

"Nyamaza wewe! Usitutie aibu."

Mama kilio kilimkatika. Alimtazama yule maiti, akamtazama bibi, akatazama mlango. Bibi alikuwa akieleza harakaharaka kwamba mgeni huyu alishuka kwenye basi, akaomba maji, akaketi barazani na hakuamka tena. Hakutaja jina wala kabila. Furushini mwake hamkuwa na kitu ila mfuniko wa sufuria, mpya kabisa, bila sufuria. Jumbe alikuwa ameamua kwamba ndugu wasipotokea hadi jioni, afukiwe nyuma ya soko wanakofukiwa mbwa.

"Nimeuliza kila basi," bibi alisema, machozi yanamtiririka. "Amekunywa maji yangu huyu. Nitamtupaje mtu aliyekunywa maji yangu? Nikamwambia jumbe, watu wake watakuja. Akanicheka mbele za watu."

Nilifungua kinywa niseme ukweli, maana ukweli ndio niliofundishwa na masista. Mama akanikanyaga mguu, na mama alikuwa mzito.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Asante kwa kumtunza, mama."

"Wifi, lakini..." shangazi akaanza.

"Wifi, lia."

Shangazi akalia.

Kaburini katekista akauliza jina la marehemu. Nikasema moyoni, leo tumeumbuka. Lakini mama alikuwa amelia jina moja njia nzima, hakuwa na jingine mdomoni, akalitoa hilohilo. Katekista akalipaka rangi kwenye msalaba wa mbao. Mama akatupa udongo wa kwanza, jogoo akachinjwa, nasi tukakabidhiwa ule mfuniko uwe urithi wetu. Haukuenea sufuria yetu hata moja, na mama aliutumia hivyohivyo maisha yake yote.

Nilikasirika, sifichi. "Yule mtu hajui kama umemlilia," nilimwambia mama tulipolala kwa bibi. "Kuna maana gani?"

"Hajui, ndiyo. Na mimi simjui, na labda Mungu mwenyewe sasa amechanganyikiwa na hayo majina. Lakini bibi amekula leo. Hujamwona alivyokula? Lala, kesho tunakwenda kumzika mjomba wako."

Kesho yake tukaanza kulia upya tangu njia ya shambani. Mjomba akatoka nje ameshika bakuli la uji, akauliza nani amekufa. Kumbe alikuwa ameugua homa tu. Habari iliondoka Mbalizi akiwa na homa, ikafika Chimala hawezi kuinuka, Makambako anakata roho, na kwetu ikaingia amekwisha. Mama alimrukia, uji wote ukamwagika, akalia kuliko alivyolia basini.

Mjomba aliposikia yaliyotokea, alikuja juu. "Mmenizika? Na jogoo mkamla?" Akaenda kujionea mwenyewe. Alisimama mbele ya ule msalaba, akalisoma jina lake polepole, kofia mkononi. Kisha akaona majani yamesalia pembeni, akainama akayang'oa. "Jina langu hilo," akasema, "haliwezi kukaa kwenye uchafu."

Tangu hapo akawa anapitia kila akienda sokoni, anapalilia. Bibi alipomuuliza yeye ni nani wa marehemu, alijibu kwamba ni somo wake. Bibi akampa uji, na wakawa marafiki, wakibishana juu ya mbegu za viazi.

Miaka hiyo ya hamsini haikuisha kabla homa haijamrudia mjomba, na safari hii habari haikukuzwa na mtu. Tulimkuta amelazwa kwa bibi, kaburi limechimbwa kando ya lile la kwanza. Katekista alikuwa yuleyule. Akachovya brashi yake, akasikia jina, akaganda. "Lakini jina hili," akasema, akiuelekezea mkono msalaba wa zamani, "tayari lipo."

Watu wote wakamgeukia mama. Niliogopa kweli, si kwa ajili yetu, bali kwa ajili ya bibi, aliyemwambia jumbe kwamba watu wake watakuja.

Bibi akamsogelea mama. "Mwanangu, ni yupi mdogo wako?"

Mama akachota udongo kwa mikono miwili, akatupa huku, akatupa na huku. "Wote wawili, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilijua siku ile," bibi akasema. "Huyu binti yako hajui kunong'ona. Nikakaa nikisubiri muondoke." Akampangusa mama udongo mikononi. "Hamkuondoka."

Kisha akamgeukia katekista. "Andika."

Siku hiyo nilijitupa chini bila kutazama pakavu ni wapi.