Disketi ya Yaya

Mi ndiye niliharibu. Si courant ya umeme, si mashini, si yaya yangu. Ni mimi! Naandika kwenye gazeti hii bila jina kwani Gisenyi ni kadogo.

Yaya, dada yangu mukubwa, alikuwa anamaliza masomo. Alikuwa anaandika memwari, ile kazi ya mwisho unayoitetea mbele ya walimu. Masomo yake ya kwanza ilikatika juu ya vita, tulipokuwa Goma. Donc hii ilikuwa nafasi ya pili, na alijua ya tatu haiko. Aliandika moja kwa moja kwenye mashini, kompyuta ya zamani ambayo mujomba alituletea kutoka Kampala. Kila jioni alikopi kwenye disketi.

Na mi? Mi nilikuwa na ugonjwa wa Linux, ile programu ya kuendesha mashini. Binamu wa Goma alinipa CD yake. "Hii ni ya bure," aliniambia, "unaweza hata kuifungua ndani uone inafanya kazi namna gani." Yewe! Sikukaa tena. Nilikula nimesimama.

Jumapili moja yaya alienda misa Nyundo. Nikajiambia: leo! CD ilitaka kwanza disketi ya kuwashia mashini. Sikukuwa nayo, maduka ilifungwa. Nikachukua ya yaya. Nilijua ni yake! Nikasema, bon, kazi yake si iko ndani ya mashini? Nikaandika juu yake, kazi ya yaya ikafutika pale.

Nikagawa diski ya mashini sehemu mbili, moja ya yaya, moja ya Linux. Ikaniomba neno la siri. Nikaandika amahoro, ndiyo amani kwa Kinyarwanda. Muzuri. Mashini ikazima, ikawaka, ikaomba lile neno. Amahoro. Ikakataa. Amahoro! Ikakataa. Na Linux ukiandika neno la siri haikuonyeshi hata herufi moja, unapapasa tu. Nilijaribu mpaka nikapiga meza.

Kumbe kitu kidogo tu! Wakati wa kuiweka, ilidhani klavye yangu, ile ya kupigia herufi, ni ya Waamerika. Yetu ni ya Kifaransa, a na m hazikai pahali pale pale kama kwa yao, na ilipowaka tena ikaisoma ya Kifaransa. Neno iliyoshika halikuwa amahoro hata kidogo. Hiyo nilikuja kuielewa juma lingine. Siku ile niliona tu imeharibika, nikaanza upya kwa hasira. Ikaniuliza kama ifute diski yote. Nilielewa swali, msinihurumie! Nikajiambia, kazi ya yaya si iko kwenye disketi? Nikakubali.

Disketi yenyewe, ile niliyoifuta mwenyewe, ilikuwa imo ndani ya mashini, pale mbele ya macho yangu.

Yaya akarudi, akaona uso wangu. "Mashini iko na nini?"

Ningesema pale pale. Ulimi ukatoa kitu ingine: "Courant ilikatika. Na we unaizimaka vibaya, yaya, nilikuambia."

"Na disketi?"

"Nayo imekufa."

Akakaa chini. Hakulia. Akasema: "Nisamehe, mudogo yangu. Nimewaharibia mashini."

Yeye ananiomba musamaha mimi! Na mi nikamujibu haina neno. Haina neno! Mungu wangu.

Hakutetea. Walimu hawakumungojea. Sasa kila asubuhi anavuka mupaka kuuza viazi vya Kanama kule Goma. Na mi Linux naijua muzuri, watu wananiita niwatengenezee mashini, wananisifu. Wakinisifu natamani kukimbia.

Juma hii ofisi moja hapa mujini inatafuta mutu wa sekretaria. Walimutaka yaya. Amekataa. "Mi na mashini, hapana," alisema, akinipakulia maharage. "Nitawaharibia." Na mi nikala. Nilikula yote!

Ninyi mnaoanza haya mambo ya mashini, kopi moja haitoshi, na usiguse kitu ya mwenzako. Hiyo mtajifunza wenyewe. Lakini ukiharibu, nakuomba, sema siku ile ile! Mi nilingoja kesho, na kesho, na uongo wangu yaya ameuamini mpaka anajiogopa mwenyewe.

Yaya, hii gazeti unaisomaka, najua. Haukuharibu kitu. Ile kazi bado hawajapata mutu, nimepita kuuliza leo asubuhi. Enda.