Nilisomea Vita, Nikapigwa Nyumbani

Muhula wa kwanza wa shahada yangu ya uzamili nilitekwa. Basi lilikuwa limetutoa chuoni Dar es Salaam, darasa zima, kwenda kwenye shamba nje ya mji kujifunza huduma ya kwanza. Kwenye njia ya vumbi wanaume waliofunika nyuso waliziba barabara, wakapanda na kuanza kutupiga makofi. Walituvika magunia vichwani, wakatushusha na kutulaza kifudifudi kwenye visiki vya mihogo. Mwenzangu aliyekuwa kulia kwangu alijikojolea. Mimi nilimng'ata mkono aliyenishika, nikasikia ladha ya damu, naye akanipiga teke la ubavuni ambalo halikuwa la kuigiza.

Walikuwa wakufunzi, wanajeshi wastaafu. Tulikuwa tumesaini kwamba tutashtukizwa, ila hakuna aliyejua siku. Mwalimu wetu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha korosho akitutazama. Alikuwa mama mwembamba aliyewahi kuripoti vita nchi za jirani na kupigwa risasi ya bega. Tulipovuliwa magunia alinifuata, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukimng'ata mwenye bunduki, unakufa. Mwenye bunduki hana muda wa kuona aibu."

Kozi yenyewe ilikuwa ya uandishi wa habari za vita na migogoro. Niliichagua kwa sababu ya kazi. Nilikuwa mtangazaji wa redio Mtwara, nyumbani kwetu, na kwa muda mrefu habari za mauaji ya ng'ambo ya Ruvuma zilikuwa zinatufikia zikitembea kwa miguu. Watu walivuka na majeraha ya panga shingoni, wakaja kukaa kwenye benchi la mapokezi wakitaka tuwatangazie ndugu waliopotea. Sikujua niwaulize nini. Mara ya mwisho nilimuuliza mzee mmoja alijisikiaje kuwaona wanawe wakichinjwa. Alinitazama, akainuka akaenda zake.

Mwalimu alitufundisha tuliache swali hilo. Alisema tumuulize mtu alifanya nini, kisha akafanya nini, halafu tunyamaze. Ndiyo yalikuwa mafunzo ya mwaka mzima, ukiondoa vitabu.

Kwa ajili ya tasnifu nilirudi Mtwara, kwa mama, mtaa wa Magomeni. Nikampata mwanamke mmoja aliyekuwa amehifadhiwa na jamaa zake mtaa wa Rahaleo, kwenye chumba cha uani. Kijiji chao kilikuwa upande wetu, karibu na mdomo wa Ruvuma, mbele kabisa ya Madimba, kule ardhi inakoishia kwenye mabonde ya mpunga na mikoko. Nilimwamkia, nikamweleza ninasoma nini, nikamwambia anaweza kukataa. Akasema atasema mara moja tu.

Wauaji walikuja asubuhi, yeye na mumewe wakiwa shambani wanafukuza ndege. Mumewe alimwambia akimbilie kwenye mikoko, yeye akabaki nyuma akipiga debe la kufukuzia ndege kama vile hajaona kitu, ili wasimwangalie mkewe. Mwanamke alilala kwenye tope, uso akaufukia, akawa anapumua kwa upande wa mdomo. Alisikia debe likinyamaza. Alisikia mumewe akiomba apigwe risasi, na mtu akimjibu kwamba risasi ni ghali. Walipoondoka alikwenda kumzika. Kichwa alikikuta mbali na mwili, akakibeba kwenye kanga yake.

"Nikuambie kitu," akasema nilipofikiri amemaliza. "Walikuwa wanaongea kama sisi. Kimakonde hikihiki. Mmoja alikuwa anakohoa, mwenzake akamwambia pole."

Alikuwa akiishi na kaka yake, fundi seremala, ambaye yeye alitoka ng'ambo kabisa, upande wa Msumbiji, baada ya nyumba yake kuchomwa na mke wake kuchukuliwa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, aliyeinama kidogo hata akiwa nje ambako hakuna dari. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kimakonde na maneno ya Kireno. Kila nilipofika alinitolea kiti alichokitengeneza mwenyewe, na baada ya siku kadhaa akasema naye yuko tayari kuzungumza, ila si mbele ya dada yake.

Ndiyo maana mchana ule tulitoka pamoja, mimi na yeye, kutafuta mahali pa kukaa. Karibu na soko alisimama kupokea simu ya mama yake aliyebaki kule. Mtandao ulikuwa mbovu, akawa anapaza sauti. Nilimwona kijana wa bodaboda akigeuka. Akamuuliza anatoka wapi. Yule kaka akaweka simu mfukoni, akajibu ukweli, kwa adabu, kama alivyozoea.

Wiki ile kulikuwa na uvumi mjini kwamba wauaji wamevuka na wamepanga vyumba mitaani. Kijana alisema neno moja tu, gaidi. Hakulisema kwa kelele. Aliyepiga kelele alikuwa mwingine, na baada yake sikuweza tena kujua nani amesema nini. Walimvua shati kutafuta bomu. Walikuta kovu la moto mgongoni, alilolipata akitoka kwenye nyumba yake iliyokuwa inaungua, wakasema hilo ndilo alama yao. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni.

Nilijitaja jina. Sauti yangu wanaijua, wamekula nayo futari miaka mingi, nikadhani itanisaidia. Nilisema huyu amekimbia haohao mnaowatafuta. Mwanamke mmoja alinivuta ushungi akasema nami nimehongwa. Nilimkumbatia yule kaka kwa mbele tukaanguka pamoja. Niliona miguu, malapa, gurudumu la toroli. Kisha nikaona mtu ninayemfahamu akija na nondo, fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Nilifurahi kumwona. Nilimwita kaka, nikamwambia tusaidie.

Alinitazama, akanivunja taya kwa kiatu ili nipishe, akapiga. Pigo la kwanza lilivunja mkono wangu uliokuwa juu ya kichwa cha mgeni. La pili halikukutana na mkono.

Aliyetutoa pale ni Mhindi mwenye duka la vyombo, mzee wa msikitini. Alitoka na msaidizi wake, wakatukokota kwa makwapa mpaka ndani, akashusha shata la chuma. Watu walilipiga kwa mawe mpaka likabonyea. Ndani kulikuwa na joto na giza. Mzee alikaa chini na kanzu yake nyeupe, akakiweka kichwa cha yule kaka mapajani, akawa anamtamkia shahada polepole, akitua kila neno ili mwenzake ajaribu kulifuata. Midomo ilikuwa haipo sawasawa, lakini alijaribu. Mimi nilikuwa nikitema meno. Polisi walipofika na mabomu ya machozi, moshi uliingia chini ya shata, tukawa tunakohoa wote watatu, mimi, mzee na msaidizi wake. Mgeni hakukohoa.

Hospitali walinifunga taya kwa waya. Dada yake alikuja wodini akasimama miguuni pa kitanda. Nilitaka kumwambia jambo, sikuweza kufungua mdomo. Yeye ndiye aliyeniuliza, kama nilivyomuuliza yeye mwanzoni.

"Alifanya nini?"

Nilimwandikia kwenye simu kwamba aliwajibu ukweli kwa adabu, na hakumrudishia mtu hata kofi. Alisoma, akatikisa kichwa, akatoka. Sijui hata leo kama hilo lilimfariji au lilimkasirisha.

Mwalimu alisafiri kuja kunitazama. Nilitegemea atanipongeza. Alisema sasa mimi ni shahidi, na tasnifu ile siwezi kuiandika kana kwamba nilikuwa nimesimama pembeni. Nichague: niipeleke polisi habari yote niliyoiona, au niwe mtafiti. Nilikasirika, nikamwandikia kwamba naweza kuwa vyote viwili. Akasema, "Pengine. Lakini mahakamani watakuuliza maswali ambayo mtafiti angeomba asijibu."

Mama ndiye aliyenikataza hasa kutoa ushahidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akininywesha uji kwa mrija, akaniambia yule fundi tumekula naye Idi, mkewe ndiye aliyemwosha bibi alipofariki. "Yule marehemu harudi, mwanangu. Sisi ndio tutabaki hapa na wale." Alikuwa analia, na uji ulikuwa unanimwagikia shingoni.

Nilikwenda mahakamani. Wakili wa fundi aliniuliza ninawezaje kumtambua mtu wakati nimeangushwa chini. Nikasema nilimwita kaka. Fundi alikuwa kizimbani akiangalia mikono yake. Alihukumiwa kifungo kirefu, peke yake, ingawa pale sokoni walikuwa wengi. Usiku uleule walirusha mawe kwenye bati letu, na kwa miezi mama alikuwa anakwenda kuchota maji mtaa wa pili.

Tasnifu niliichelewesha. Mwishowe niliandika kuhusu sisi wenyewe, watangazaji wa pwani hii, na jinsi tunavyoutangaza uvumi kabla ya kuuthibitisha, maana ule uvumi wa vyumba vya kupanga ulipita pia kwenye redio yetu. Nilifaulu. Mama hakuja kwenye mahafali, alisema miguu inamuuma. Yule dada wa marehemu alirudi kijijini kwao kabla ya masika na sasa analima peke yake. Hataki kuhojiwa, nami simhoji.

Mwaka huu mke wa fundi alikuja nyumbani mara moja, mchana, mama akiwa sokoni. Alikataa kuingia. Alisimama barazani, akaniuliza kama ni kweli mumewe alinisikia nilipomwita. Mumewe anasema alikuwa anaamulia ugomvi tu.

Nilimwambia, "Alinisikia, shemeji. Alinitazama usoni."

Alijifunga kanga upya, akaikaza, akauliza kama mkono wangu umepona. Nikasema umepona, ingawa haunyooki. Akasema ahsante, akashuka barazani, akaenda zake akipita katikati ya barabara ambako kila mtu angemwona.